Paka wetu Mpaka na kiti kilichokataliwa

Zamu ya kuandika mwezi huu imefikia kikundi chetu cha useremala. Wengi hapa wanaandika juu ya safari, juu ya vita, juu ya usaili. Sisi tutaandika juu ya paka. Musicheke kwanza. Paka huyu alitugharimu shilingi 180,000, alitaka kuvunja kikundi, na mmoja wetu nusura akose mtihani. Kama kwenu kuna paka anayekwaruza viti, someni mpaka mwisho, kuna faida. Kama hakuna paka, someni tu.

Sisi ni vijana sita. Wanne tumetoka Kivu ya Kusini, mmoja Burundi, na mmoja alizaliwa hapahapa Nakivale, nchi ya wazazi wake anaijua kwa hadithi. Kwa wale wasioijua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakiwa wa kwanza. Hapa hatukai ndani ya seng'enge. Mtu anapewa kipande cha ardhi, anajenga, analima. Atelye yetu ni chumba kimoja cha udongo na mabati, karibu na soko. Tunatengeneza vitanda, meza, na hasa makochi.

Tumejifunza kitu kimoja katika kazi hii. Mtu akifika hapa, analala kwenye mkeka. Mwaka wa pili anatafuta kitanda, kwa sababu ya baridi ya chini. Kabati anaogopa kununua, kwa sababu anasema, "Tutarudi tu, kabati nitaliacha kwa nani?" Siku akija kuagiza makochi, ujue ameacha kuhesabu siku. Ndiyo maana tunayatengeneza kwa heshima. Kochi la mkimbizi si kiti tu.

Sasa paka.

Mwanzo hatukuwa na paka, tulikuwa na panya. Panya walikula sponji, wakala gundi, wakala mpini wa msumeno mahali jasho la mikono lilipoingia. Halafu wakala kile ambacho hakiliwi. Trezoriye wetu, yaani dada anayeshika pesa za kikundi, aliweka karatasi ya familia yake kwenye bahasha juu ya rafu, akiwa na haraka ya kwenda nayo kesho yake. Asubuhi akakuta kona imeliwa, na pale konani ndipo ilipokuwa picha ya mdogo wake. Karatasi yenye watu watano ikabaki na nyuso nne. Alipanga mstari siku mbili kuomba nyingine, kila akifika dirishani anaeleza habari ya panya, watu nyuma yake wanacheka. Yeye hakucheka. Wenzetu munajua: huku, ukikosa karatasi, kila siku unaanza upya kueleza wewe ni nani.

Jirani yetu Msomali ana paka watatu. Wote tunamwita Hooyo, maana yake Mama kwa lugha yao. Alitupa mtoto wa kike, mweusi mwenye miguu myeupe. Haikuwa rahisi kumpokea. Kwetu Kongo wapo watu ambao wakiona paka mweusi usiku wanakemea, wanasema ni mambo ya wachawi. Mmoja wetu alikataa hata kumgusa kwa juma nzima. Lakini ndani ya mwezi panya wakahama, na yule aliyekataa kumgusa akaonekana anamgawia ndagala.

Tulimwita Mpaka. Kwanza ni mchezo tu wa maneno, paka na mpaka. Halafu ni kwa sababu anaingia kila nyumba, Wasomali, Wahabeshi, Warundi, Wanyankole wenyeji, na hakuna anayemuuliza karatasi.

Basi tukapata oda kubwa. Mama mmoja anayeuza vitenge alikuwa anaoza binti yake, akataka makochi ya watu watano kwa shilingi 900,000. Alitanguliza nusu. Tulikwenda mpaka Mbarara kutafuta velveti ya rangi ya damu ya mzee. Fundi wetu mkuu, sisi tunamwita Yaya kwa sababu ndiye mkubwa wetu, alishona na kuvuta kitambaa mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Alipomaliza alizima redio, akakaa mbali juu ya dumu, akaitazama ile kazi. Hata hatukuthubutu kuikalia. Sisi mafundi wa makochi, miaka yote tunakaa juu ya madumu.

Siku mbili kabla ya kupeleka, tulifungua mlango asubuhi tukakuta kiti kimoja cha mtu mmoja kimechanwa. Mkono wa kulia, mbele, kuanzia chini mpaka juu. Velveti imevutwa nyuzi, mahali pengine sponji inaonekana, na Mpaka amelala juu ya mto wa kiti hichohicho, amejikunja kama mtu mwenye haki zake.

Yaya alimrushia kandambili. Ilimpata.

Velveti ya rangi ile ilikuwa imekwisha dukani. Tulishona kadiri ya uwezo wetu, tukapeleka. Mama alizunguka viti vyote, akafika kwa kile kimoja, akainama, akapitisha kidole.

"Batoto bangu," akasema, "miye sikatai kazi yenu. Lakini bakwe bakiingia batasema nini? Batasema mama amenunua kiti ya chagua."

Hakutukana. Alilipa viti vinne, akakata shilingi 180,000, akaturudishia kimoja. Tulikirudisha juu ya kichwa, kwa zamu, katikati ya soko, na kila mtu akiuliza.

Hapa ndipo shida ilipoanza. Kikundi chetu kina likelemba: kila mwezi kila mtu anatoa 30,000, na mmoja anapokea zote. Sita mara 30,000, hesabu wenyewe. Mwezi ule ilikuwa zamu ya mdogo wetu, ambaye mchana yuko shule na jioni anapiga msasa. Alikuwa S4, na zile pesa zilikuwa za kujiandikisha kwa mtihani wa mwisho. Sehemu ambayo kila mmoja alikuwa aitoe kutoka faida ya ile oda, haikuwepo tena. Paka alikuwa amekula likelemba.

Tulikaa kikao. Yaya akasema paka aondoke, apelekwe hata na lori la Mbarara, akashuke huko mbele. Mwingine akamuunga mkono. Trezoriye akasema yeye hatapanga mstari tena kwa ajili ya panya. Mwingine akawa upande wake. Mmoja akakataa kupiga kura, akasema hawezi kupigia kura mnyama wakati watu wana njaa. Chakula cha msaada kilishapungua, na nyumbani kwao kilikuwa kimekatwa kabisa. Ikabaki kura ya mdogo wetu, mwenye hasara yake.

Alikaa kimya muda mrefu. Mtu wa kulinda atelye usiku ni yeye, anatandika mkeka kati ya mbao.

"Zamani panya zilikuwa zinapita ku uso yangu," akasema. "Mukimufukuza Mpaka, ile feza itarudi?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi munipatie juma mbili. Akikwaruza tena, miye mwenyewe nitamupandisha lori."

Hizo juma mbili, tuseme ukweli, tulianza vibaya. Kila akikaribia kiti tulimpigia kelele. Tulimmwagia maji. Yaya aliendelea na kandambili. Mmoja wetu alipaka pilipili kwenye mikono ya viti, na aliyeumia siyo paka, ni mteja aliyekaa, akashika mkono wa kiti, halafu akajipangusa jicho. Jirani mmoja alituambia dawa ni kumng'oa kucha kwa koleo. Usiku ule mmoja wetu alinunua bando ya shilingi 1,000 akasoma juu ya habari hiyo, na asubuhi alitukuta atelye akiwa amechukia. Kumbe ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wenyewe. Kumuondolea kucha ni kumkata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Jimbo la New York, kule Marekani, lilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2019, na Uingereza sheria ilishalikataza kabla. Koleo tukaliacha kwenye misumari.

Tulipokuwa tunahangaika hivyo, Hooyo alileta kigoda chake kirekebishwe. Alikuta Mpaka yuko chini ya meza amejificha na Yaya ameshika kandambili. Hooyo amepita Kenya miaka mingi, Kiswahili chake ni cha kule.

"Nyinyi vijana," akasema, "mnamkataza tu. Mmempa nini?"

Tukamuuliza, tumpe nini tena, si anakula?

"Si chakula. Kucha zake azipeleke wapi? Mimi paka zangu hazigusi fadhi, kwa sababu ziko na gogo lao. Nyinyi mko na mbao nyumba nzima na hamkumpa hata moja."

Akaacha kigoda, akaenda zake. Tulibaki tunatazamana, mafundi sita, tumezungukwa na mabaki ya mbao mpaka magotini.

Yule wa bando akarudi kwenye simu, safari hii kwa swali lingine: siyo namna ya kumkomesha, ila kwa nini anafanya. Na haya ndiyo tuliyojifunza, tukayajaribu wenyewe.

Paka hakwaruzi kwa jeuri. Kwanza, ukucha wake unaota kwa matabaka, na kwa kukwaruza anavua gamba la nje lililozeeka ili ukucha mpya utoke. Tuliamini tulipofagia chini ya kile kiti, tukaona vigamba vidogo kama maganda ya mpunga. Pili, ananyoosha mgongo na mabega, hasa akiamka. Ndiyo maana anachagua kitu karibu na anapolala. Tatu, na hii ilitushangaza, anaacha alama. Alama ya kuonekana, ile michirizi, na alama ya harufu ambayo sisi hatuisikii, inatoka kwenye tezi za chini ya miguu yake. Anasema: hapa ninakaa. Ndiyo maana anarudi palepale kila mara, kuipyaisha ile harufu. Na mahali anapochagua ni pale wenye nyumba wanapokaa, pale penye watu. Hafichi alama yake nyuma ya mlango.

Mmoja wetu aliposoma hiyo sehemu ya tatu kwa sauti, atelye ilinyamaza kidogo. Yaya akasema, "Ile kiti ilikuwa ya kwanza kubaki hapa siku nyingi." Ni kweli. Kazi zetu zote hutoka haraka. Ile oda ilikaa karibu mwezi, na mtoto wa paka akaona: kumbe hapa ni nyumbani.

Kwa hiyo kumkataza paka asikwaruze kabisa ni kazi bure, sawasawa na kumkataza asijinyooshe. Kinachowezekana ni kumhamisha, kutoka kiti chako kwenda kitu chake. Tulifanya hivi.

Mdogo wetu alichukua kipande cha mti wa mkaratusi, sentimita 80, kwa sababu ni lazima kiwe kirefu kuliko paka akisimama na kujinyoosha wote. Akakizungushia kamba ya katani kwa nguvu, zamu juu ya zamu, bila kuacha nafasi, misumari akaifichia nyuma. Kitambaa cha kochi hatukutumia, ili paka asifikiri velveti zote ni ruhusa. Kitu cha kukwaruza kiwe na ugumu wake na kisifanane na viti vyako.

Gogo la kwanza lilianguka. Mpaka alilivuta mara moja, likayumba, likampiga, na siku tatu hakulisogelea. Tulidhani mambo yameisha. Usiku huo Yaya alibaki peke yake atelye, alisema anamalizia meza. Asubuhi tulikuta lile gogo lina mguu mpya: ubao mpana wa sentimita 50 kila upande, limechomekwa kwa tundu na ulimi kama mguu wa kitanda, na tofali mbili zimefungwa chini. Hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza. Ukilisukuma, linakusukuma. Hilo ndilo la pili la kukumbuka: kama linayumba, paka hatalirudia.

La tatu ni mahali. Tulitaka kuliweka nyuma ya mlango, lisiharibu sura ya atelye. Hapana. Tuliliweka mbele kabisa ya ule mkono wa kiti uliochanwa, mpaka mtu akitaka kukaa anazunguka. Mkono wenyewe tuliosha kwa sabuni ili harufu yake ipungue, halafu tukaufunika kwa nailoni laini ya godoro jipya. Paka hapendi kitu kinachoteleza, kucha hazishiki. Akifika pale anakuta nailoni inateleza, na hatua moja pembeni kuna katani inayoshika. Achague mwenyewe.

La nne, kumwonyesha bila kumlazimisha. Musishike mikono ya paka na kuikwaruza juu ya gogo, anaogopa. Sisi tulifunga ndagala kwa uzi juu ya gogo. Siku ya kwanza aliruka akaila, akaondoka. Siku ya pili hivyohivyo. Alikuwa anatugharimu ndagala tu. Siku ya nne aliishika kwa mikono miwili, kucha zikaingia katani, akasikia utamu wake, akaisahau ndagala akaanza kuvuta. Mdogo wetu alitaka kupiga makofi, tukamzuia. Kuanzia hapo kila akikwaruza gogo alipata kichwa cha ndagala papo hapo. Asubuhi akiamka tu, mtu anacheza naye kwa kamba pale gogoni, kwa sababu ule ndio wakati wake wa kujinyoosha.

La tano, kandambili ilikatazwa. Ukimpiga, hajifunzi kwamba kiti ni kibaya, anajifunza kwamba wewe ni mbaya. Anangoja utoke, halafu anakwaruza kwa raha. Akikosea tulimbeba tu au tulimvuta kwa uzi mpaka gogoni.

Kucha zake hatukuzikata, kwa sababu Mpaka anatoka nje, na hapa kuna mbwa. Akikimbizwa anazihitaji kupanda mti. Kama paka wenu anakaa ndani, munaweza kukata ncha tu kwa kikata kucha cha kawaida, kila baada ya juma mbili au tatu, akiwa na usingizi. Mutaona ndani ya ukucha sehemu ya rangi ya waridi: ile ina damu na inauma, musiiguse. Kama paka wenu anapenda kukwaruza mkeka au zulia, siyo kitu kilichosimama, basi mumpe kipande cha gunia kilicholazwa chini, kimefungwa kwenye ubao. Na kama paka au mbwa yeyote amewauma au kuwakwaruza mpaka damu, osheni kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Hilo musilifanyie mzaha.

Juma mbili zilipoisha, kiti hakikuwa kimeguswa. Lori la Mbarara lilipita na paka alikuwa amelala. Tulianza kusogeza gogo kuelekea ukutani, kiganja kimoja kila siku, yeye akilifuata. Mwezi ulipokwisha tukatoa nailoni.

Lakini zile pesa hazikurudi, na hatutaki kuandika hapa kama vile zilirudi. Mdogo wetu alipitwa na tarehe ya kwanza ya kujiandikisha. Tulichanga kidogo kidogo: Trezoriye aliuza sabuni, Yaya alikwenda kulima vibarua kwa wenyeji, yule ambaye kwao chakula kilikatwa alileta 10,000 na hatukuuliza ameitoa wapi. Alijiandikisha kwa tarehe ya kuchelewa, na faini juu. Mtihani alifanya. Zamu yake ya likelemba tuliiweka tena mbele, na mtu aliyekuwa anafuata alisubiri mwezi mmoja zaidi. Hasara ya kikundi haiishi, inagawanywa tu mpaka iwe ndogo ya kubebeka.

Jambo moja bado tunalizungumza jioni. Lile swali la Hooyo. Sisi tunaoishi hapa, tumesikia "usi" nyingi maishani. Kwenye mbao za matangazo, kwenye mikutano, kwenye fulana: usikate miti, usioe mapema, usikae bure, usiondoke kwenda mjini bila karatasi. Nyingi ni kweli na nzuri, hatubishi. Mtu anayesema usikate miti ana haki. Vilima vya hapa tunaviona vilivyobaki. Lakini sufuria ya jioni bado inataka moto. Nyinyi munaofanya kazi na mashirika, munaosoma kurasa hizi, hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulimfanyia Mpaka vilevile: tulikuwa na "usi" kumi na hatukuwa na gogo hata moja, nasi ni maseremala. Tunaomba tu, mukija na "usi", mutuambie pia tupeleke wapi kucha. Na gogo lisiyumbe. Mradi wa miezi mitatu unaoanguka, watu hawaurudii tena, halafu mnaandika kwenye ripoti kwamba jamii haikushiriki.

Mabaki ya mbao sasa hatuchomi yote. Tumeshatengeneza magogo saba ya paka. Moja tulimpelekea Hooyo bure, akasema la kwake la zamani ni zuri zaidi, lakini alilipokea. Matatu yameuzwa, moja kwa dada anayefanya kazi shirika fulani, ambaye paka wake alikuwa anachana kapeti nyumbani kwake Mbarara. Si biashara kubwa. Inanunua msasa na gundi.

Na kile kiti? Tulifikiri kukibadilisha kitambaa tukiuze. Velveti ya rangi ile haikupatikana, na siku zikapita. Jioni moja, baada ya kazi, Yaya alikuja akakikalia. Kwanza pembeni, kama mgeni. Halafu akaegemea nyuma. Hatukuwa tumewahi kumwona amekalia kazi yake mwenyewe.

Sasa tunacho cha kwetu. Tuko sita na kiti ni kimoja, kwa hiyo tunakikalia kwa zamu, kama likelemba. Ule mkono wa kulia bado una michirizi, hatuushoni tena. Mpaka analala chini yake, akiamka ananyoosha mgongo kwenye gogo lake, krr, krr, krr, na aliye kitini anainua miguu ampishe.

Kwenu munafanya aje na paka wenu? Tuandikieni. Na mwezi ujao zamu ni ya kikundi cha washonaji. Wameshasema wataandika juu ya mbuzi.